Shairi la Ndoo Moja

Katika hafla ya kuniaga nilipostaafu, iliyofanyika kwenye ukumbi mmoja wa Kinondoni ambao viti vyake huvishwa vitambaa kama maharusi, kijana wetu Deogratias, aliyerithi meza yangu ya fasihi, alishika kipaza sauti akaniita shujaa. Alisema, "Mzee Mapunda huyu mnayemwona kimya hivi, ndiye aliyelitupa nje shairi la Mzungu lililotutukana Waafrika!" Ukumbi ukapiga makofi. Mshereheshaji akaagiza muziki. Mke wangu, ambaye sijapata kumsimulia shairi hata moja tangu tuoane, alinigeukia akaniuliza, "Lini hiyo, baba Anna?"

Jambo hilo halikutokea. Nilipokea kabati la vioo nililopewa, nikashukuru, nikaketi. Lakini nilikereka, na bado nimekereka, kwa kuwa tangu siku ile habari hiyo imekuwa ikizungushwa kwenye kundi la simu la idara, kila mmoja akiiongezea chumvi yake, na wiki iliyopita nimesoma kwamba nililichana shairi hilo mbele ya jopo. Mimi sijapata kuchana karatasi ya ofisi maishani mwangu.

Kwa hiyo ninawaandikia ninyi vijana wa dawati la fasihi ili kumbukumbu zikae sawa. Sikulitupa shairi lile. Jopo nalo halikulitupa. Kuhusu kwamba lilitutukana, hapo sina hakika. Na kwamba halikututukana, hapo pia sina hakika. Mambo mawili ya kwanza naweza kuyathibitisha. Hilo la tatu limenishinda, na huenda ndilo linalonifanya niandike. Habari za kupandishwa kwangu daraja nitaziacha. Zimo kwenye jalada langu, na anayezitaka aandike barua ya kuliomba.

Niliripoti katika ofisi yetu ya ithibati ya vitabu nikiwa kijana kutoka Songea, nimevaa suti ya harusi ya kaka yangu. Nilidhani kazi ya kuthibitisha vitabu vya shule ni kuvisoma na kusema vizuri au vibaya. Mama Nditi, mkuu wa dawati, alinipokea kwa kunikabidhi rula ya mbao. Alisema, "Weka chini ya mstari. Soma. Shusha. Weka chini ya mstari." Niliuliza kama ni hayo tu. Akasema, "Jicho la msomi ni mwizi, mwanangu, linaruka. Ukiruka neno, umemruka mtu aliyeliandika." Asubuhi ile nilisoma kwa rula kitabu cha darasa la tatu kuhusu mbuzi, na nikagundua kwamba mbuzi yule alikufa ukurasa wa nane akaenda sokoni ukurasa wa kumi na moja. Mama Nditi hakunisifu. Alisema tu kwamba sasa nimeanza kusoma.

Alinifundisha pia kuwa katibu wa jopo, kazi niliyoifanya muda mrefu kuliko zote. Jopo ni walimu na wataalamu wanaoitwa kutoka nje kuujadili mswada. Katibu huandika wanachosema. Nilipokuwa mgeni niliwahi kuandika kwenye muhtasari kwamba hoja fulani "haikuwa na mantiki". Mama Nditi alinisomea sentensi hiyo kwa sauti mara mbili, kisha akaifuta. "Katibu hana maoni," alisema. "Katibu ana masikio." Nililishika neno hilo kama amri ya kanisani. Mashairi alituamuru tuyasome kwa sauti mezani, kila mstari, kwa sababu, kwa maneno yake, shairi likisomwa kimya halina tofauti na tangazo la mnada.

Kesi ya kwanza iliyonichanganya kuhusu rangi haikuwa ya shairi. Ilikuwa ya picha. Vitabu vyetu vingi vya wakati ule vilichapwa kwa wino mmoja mweusi. Mchoraji mmoja alituletea picha ya watoto wawili, Mwafrika na Mzungu, wakisoma pamoja. Mwafrika alikuwa amejazwa mistari myembamba uso mzima. Mzungu hakuchorwa kitu ndani ya uso, aliachwa hivyo hivyo. Mjumbe mmoja alilalamika kwamba mtoto wetu anaonekana mchafu. Mchoraji alijibu, kwa adabu, kwamba katika kitabu cha wino mmoja Mzungu ni karatasi iliyoachwa tupu, na yeye hawezi kuwachora watu wote kwa karatasi tupu. Tulibishana hadi saa ya chakula cha mchana. Mwishowe picha ikabadilishwa, wakachorwa mbuzi wawili. Mbuzi walituokoa katika mengi.

Sasa nifike kwenye shairi lenyewe. Lilikuja katika miaka yangu ya mwisho kazini, ndani ya mswada wa Mwalimu Murtaza. Wengi wenu hamkumkuta. Ni mwalimu mstaafu wa fasihi, wa jamaa ya Mashia wenye asili ya Kihindi, aliyezaliwa nyuma ya duka la baba yake Temeke, akafundisha shule za upande huo hadi nywele zikamwisha. Baada ya kustaafu alitafsiri tungo za kale za Ulaya kwa vina na mizani vya Kiswahili, ili zisomwe kidato cha tano na cha sita. Nyingi zilikuwa za washairi wale wa zama ambazo biashara ya utumwa ilikuwa ikibishaniwa huko kwao. Wataalamu huwaita washairi wa ulimbwende, ingawa sikuona popote walipojipamba. Walisifu mito, milima na watoto wadogo, na baadhi yao walisisitiza kwamba roho haina rangi.

Shairi lililoleta taabu halikuwa na jina la mtunzi. Linasimulia meli iliyozama karibu na pwani ya Uingereza. Maji yanatupa ufukweni maiti mbili: nahodha, na Mwafrika aliyekuwa akichukuliwa utumwani. Mjane mmoja anawakuta, anawaosha wote wawili, anawazika bega kwa bega, na majira ya maua yanapofika, yungiyungi jeupe linachanua juu ya kila kaburi. Basi. Nanukuu beti mbili za tafsiri ya Mwalimu Murtaza, maana bila hizo hamtaelewa. Wa kwanza ulianza hivi:

*Mmoja wao Edwini, nahodha mwenye sukani,*
*Wa pili ni wa pinguni, mweusi wa ugenini.*

Na wa pili:

*Mjane kateka maji, ndoo moja kwa wawili,*
*Hakutaka msemaji, wala hati ya kibali,*
*Kawavika bila taji, tanga lao la awali,*
*Kawalaza mchangani, kama ndugu wa asili.*

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwalimu Mbwambo, Mpare wa Kilutheri kutoka Same, alikuwa amefundisha muda mrefu kiasi kwamba aliwasahihisha hata wahudumu wa chai. Bwana Shomari wa Temeke, malenga, aliitwa kwa ajili ya vina na mizani. Na Mwalimu Zawadi, kijana kuliko wote, alifundisha shule moja ya Mwananyamala, akazungumza joponi kama alivyozungumza na wanafunzi wake, yaani bila breki. Mwalimu Murtaza naye aliitwa, kwa kuwa utaratibu wetu unampa mwandishi nafasi ya kuulizwa maswali.

Aliingia amevaa shati jeusi na suruali nyeusi. Mwalimu Mbwambo aliinuka, akampa mkono kwa huzuni.

"Pole sana, Mwalimu. Umefiwa?"

"Tumefiwa, ndiyo."

"Lini?"

"Zamani sana," alisema Mwalimu Murtaza, akaketi.

Bwana Shomari ndiye aliyemnong'oneza mwenzake kwamba ulikuwa mwezi wa Muharamu, na kwamba jamaa za Mwalimu huvaa nyeusi kumlilia mjukuu wa Mtume. Nilitafakari kama niliandike hilo. Sikuliandika, na sasa naona ndilo lililokuwa jambo la kwanza kusemwa kuhusu rangi siku ile.

Nililisoma shairi kwa sauti, rula mkononi. Mwalimu Zawadi hakungoja niiweke chini.

"Mie naona hili shairi lina ishu. Yungiyungi jeupe, makaburi yote mawili. Kwa nini jeupe? Ina maana yule mweusi kawa sawa na mwenzie kwa kugeuzwa mweupe?"

"Meupe ni ya ufufuo," alijibu Mwalimu Mbwambo. "Kila Pasaka sisi tunapamba madhabahu kwa maua meupe. Hayana uhusiano na Mzungu."

"Na nyumbani kwenu milimani, mwalimu, babu zenu mvua walikuwa wanaiombaje?"

"Kwa kondoo mweusi," alikiri Mwalimu Mbwambo. "Lakini hayo ni kabla ya kanisa."

"Basi mvua ilikuwa inawajua weusi kabla ya kanisa. Mbona ua la huyu halijui?"

"Umeona wapi ua jeusi, wewe binti?"

"Na ndoo moja ya maiti mbili nimeiona wapi? Si shairi hili?"

Bwana Shomari alicheka, akagonga meza kwa kidole. "Nisikilizeni. Huku kwetu pwani weupe wa mwisho ni sanda, na sanda haina mwenyewe. Tajiri, maskini, bawabu, waziri, wote kitambaa hicho hicho. Sanda si rangi ya Mzungu. Mzungu mwenyewe akifa huvalishwa suti."

Hilo niliandika kama lilivyosemwa. Mtalikuta kwenye jalada.

Lakini Mwalimu Zawadi alikuwa na jambo zito zaidi, na nakiri kwamba mimi mwenye rula sikuwa nimeliona. "Sawa, nayaacha maua. Tazameni ubeti wa mwanzo. Nahodha ana jina, ana cheo, ana sukani. Mwenzie ana pingu na rangi. Hata kaburini kaingia hana jina. Huo usawa uko wapi?"

"Kwenye ndoo, mwanangu," alisema Bwana Shomari.

"Mpaka wafe, mzee? Sie usawa wetu ni wa maiti?"

Mwalimu Murtaza aliitazama meza. Akasema taratibu kwamba mwenzetu huyu ameliona tundu ambalo yeye amekuwa akilikwepa tangu alipoanza kulifundisha shairi hilo, na kwamba hana la kulitetea. Mshairi alitaka kuwasawazisha watu wawili, akafanikiwa kuisawazisha miili yao, akasahau kuuliza wa pili anaitwa nani.

Hapo Mwalimu Zawadi alipendekeza tumpe jina. Mtafsiri angeweka jina mahali pa "mweusi", na usawa ungekamilika. Jopo liliafiki mara moja, wote kwa kauli moja, na Mwalimu Mbwambo akaomba chai iletwe. Katika miaka yangu yote ya ukatibu sijaona kauli moja iliyopatikana kwa urahisi namna ile. Ningepaswa kushtuka.

"Aitwe Juma," alisema Bwana Shomari. "Jepesi, na likitanguliwa na 'ni' halisumbui mizani."

"Juma ni jina la Mwislamu," alisema Mwalimu Mbwambo.

"Basi?"

"Basi tumemsilimisha mtu bila kumuuliza. Kwa nini asiwe Yohana?"

"Yohana kabatizwa na nani? Na huyo nahodha aliyemfunga pingu?"

"Jina la asili, jamani," alisema Mwalimu Zawadi. "Aitwe Masanja."

"Msukuma?" Bwana Shomari alimkodolea macho. "Masanja alifikaje baharini?"

"Alipelekwa, mzee! Ndo maana anaitwa mtumwa!"

"Aa, basi kama ni hivyo aitwe Pazi, Mzaramo, aliyekuwa jirani na maji."

"Kwa hiyo Mpare hakuchukuliwa utumwani?" aliuliza Mwalimu Mbwambo, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kwetu kuna njia ambayo hadi leo watoto hawapiti, kwa sababu ya misafara ile."

Niliandika kwa kasi. Mtu aliyekufa maji ndani ya shairi alikuwa akigombaniwa kama mrithi wa kiti cha uchifu. Walirudi kwa Juma, kwa sababu ndilo lililotajwa kwanza. Ndipo Bwana Shomari, ambaye ndiye aliyelileta jina, alipokunja uso.

"Lakini ngoja. Akiwa Juma, mjane hawezi kumwosha. Mwanamke hamwoshi mwanamume asiye maharimu wake, asiye wa damu yake."

"Hakuna mwanamume pale ufukweni," alisema Mwalimu Zawadi.

"Basi atatayamamishwa, kwa udongo badala ya maji."

"Na nahodha?"

"Nahodha aoshwe kwa maji. Nahodha si mambo yangu. Na Juma aelekezwe kibla."

"Watalalaje bega kwa bega, mmoja kageuzwa?"

"Ndiyo maana nilisema Yohana," alisema Mwalimu Mbwambo. "Ila Yohana atahitaji mchungaji. Mjane hawezi kumzika Mkristo peke yake kimya kimya kama kuku."

Mwalimu Murtaza aliweka kikombe chini.

"Mmeona?" alisema. "Alipokuwa hana jina, ndoo ilikuwa moja. Mlipompa jina tu, ndoo zimekuwa mbili."

Kisha akatueleza kwa nini alilitaka shairi lile. Nyumbani kwao Temeke aliishi Bi. Tausi, mwanamke wa Tandale aliyemlea yeye na ndugu zake, akamuuguza mama yao hadi pumzi ya mwisho. Ndiye aliyekuwa akimwogesha mama katika ugonjwa, kila siku, kwa mikono yake. Mama alipofariki, walikuja wanawake wa jamaa kumwosha kwa taratibu zao. Bi. Tausi akaambiwa asubiri nje.

"Hakuna aliyemtukana," alisema. "Alikaribishwa chai. Alikaa kwenye benchi na sabuni yake mkononi na taulo begani, mpaka kazi ikaisha. Alipokufa yeye, nilikwenda Tandale, na wanaume wa pale wakanipisha, wakanipa bega la jeneza. Hakuna aliyeniuliza mie ni nani. Yeye kwetu hakupewa hata kata moja ya maji. Mie silitaki shairi hili kwa ajili ya maua. Nalitaka kwa ajili ya ndoo."

Mwalimu Zawadi alijifuta macho kwa upande wa kiganja. Alisema, "Samahani, Mwalimu. Lakini lile tundu bado lipo."

"Lipo," alikubali. "Naomba niwape njia nyingine. Badala ya kumpa huyu jina, tumwondolee Edwini la kwake. Wote wawili wawe hawana. Mtunzi mwenyewe hana jina."

Ninawaomba muisome sehemu inayofuata kwa rula. Walinitazama hata mimi, katibu, kana kwamba mwandishi ameomba tuibe kitu.

"Hilo haliwezekani," alisema Mwalimu Mbwambo. "Ni maandishi ya mwenyewe. Jina lipo katika asili."

"Malenga hakati neno la mwenzake," alisema Bwana Shomari.

Hata Mwalimu Zawadi alitikisa kichwa polepole. "Itaonekana tumeghushi, Mwalimu. Mtihani ukija na shairi la Kiingereza, watoto watashindwa."

Mwalimu Murtaza aliwatazama mmoja mmoja, bila hasira. "Kumwongezea Mwafrika jina ambalo halipo katika asili, hilo lilikuwa tafsiri. Kumwondolea Mzungu jina, hilo ni kughushi. Naomba ukurasa wangu."

Nilimpa. Aliukunja, akautia mfukoni mwa lile shati jeusi. Akaomba diwani iendelee kujadiliwa bila shairi hilo, ikajadiliwa, ikapata ithibati. Niliandika: "Shairi limeondolewa na mwandishi mwenyewe kwa hiari yake." Hayo ndiyo yaliyotokea. Neno "kutukana" halikutamkwa siku ile na mtu yeyote isipokuwa Mwalimu Murtaza, aliposema kwamba Bi. Tausi hakutukanwa.

Nilipomaliza kuandika hadi hapo niliona si haki kuwapa habari za mtu aliye hai bila kumuuliza. Nilikwenda kumwona. Siku hizi anaishi na binti yake Msasani, ghorofani, mahali ambapo mlinzi hukuuliza unakwenda kwa nani kabla hujamaliza salamu. Macho yake yamezimika karibu yote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani?"

"Mapunda. Yule wa muhtasari."

"Aaa! Bwana Masikio!" Alicheka, akanitafuta mkono. Kumbe ndivyo walivyokuwa wakiniita.

Nilimsomea karatasi hizi. Alinisahihisha mahali pamoja: Bi. Tausi hakuweka taulo begani, alilitandika magotini. Nimeacha begani, kwa sababu ndivyo alivyosema joponi, na kumbukumbu ya jopo ni kumbukumbu ya jopo. Nilipofika kwenye makofi ya ukumbini alicheka hadi akakohoa.

"Kwa hiyo wamekupa ushujaa wangu, na hata mie sikuwa nao. Waache, bwana."

"Siwezi kuwaacha, Mwalimu. Si kweli."

"Haya. Na wewe uliliona vipi lile shairi?"

"Mimi nilikuwa katibu."

"Umestaafu."

Sikulitarajia jibu hilo. Mimi ni mtu ambaye nimejaza makabati kwa maneno ya wengine. Nilimwambia ukweli ulivyo ndani yangu, ambao haujapangika. Nikiifikia ndoo, nalipenda. Nikiyafikia maua, napandwa na hasira, kisha nakumbuka sanda ya Bwana Shomari, hasira inapungua, kisha inarudi. Nikilifikia jina la nahodha naona aibu, na sijui aibu hiyo ni ya mshairi, ya jopo au yangu. Sijui kama watu wanaweza kusawazishwa na mtu ambaye tayari ameshamjua mmoja wao. Nilimwambia kwamba sijui.

"Hata mie," alisema Mwalimu Murtaza. "Nisomee."

Alilitoa ndani ya bahasha iliyokuwa chini ya mto wa kiti, ukurasa ule ule, mkunjo ule ule. Sikuwa na rula. Nilitumia ukingo wa kadi yangu ya bima.

"*Mmoja wao*," nilisoma, na nilipofika penye jina nikanyamaza, kiasi cha silabi tatu, kisha nikaendelea, "*nahodha mwenye sukani*."

Alikuwa akihesabu mizani kwa vidole kwenye mkono wa kiti. Vidole vitatu vilibaki juu, havijashuka.

"Umeruka," alisema.

"Nimeruka."

"Mizani imepungua."

"Imepungua, Mwalimu."

Nilisubiri anikemee, kama ambavyo Mama Nditi angenikemea, na angekuwa na haki. Yeye, vidole bado hewani, aliuelekeza uso dirishani ambako hakuwa akiona kitu.

"Endelea mpaka kwenye ndoo," alisema. Nikaendelea mpaka kwenye ndoo. Nilipomaliza alivishusha vidole vyake taratibu juu ya kiti.

"Anza tena," alisema. "Na uruke pale pale."

Nikaanza tena.